Nyumba ya Sijda

Jumamosi iliyopita mlipita mbele ya nyumba yangu hapa Cibitoke, mnakimbia na kuimba, jasho linawachuruzika, na mimi nimekaa mlangoni na kikombe changu cha chai. Mmoja wenu, yule wa kitambaa cha kijani kichwani, akanipigia kelele: "Mama Siporo, ulikuwa unafanya je watu wasiache?" Halafu mkapinda kona kabla sijafungua mdomo. Vijana wa leo ndivyo mlivyo. Mnauliza swali mkiwa mbioni, jibu mnaliacha njiani.

Basi nimekaa nijibu. Jirani yangu mwalimu amenisaidia kunyoosha Kiswahili cha kuandika, lakini maneno yaliyotoka midomoni mwa watu nimemkataza asiyaguse. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kuchangamsha miili ya watu, someni taratibu. Hapa hakuna anayewapimia vitesi, ile kasi yenu.

Mimi sikuanza kazi hii kwa kusomea. Nilivuka kutoka Uvira, Kongo, nikiwa na mtoto mgongoni, na kazi ya kwanza niliyopata Bujumbura ilikuwa kufagia ukumbi wa siporo wa mzee mmoja wa Kinama aliyeitwa Kochi Bosco. Zamani alikuwa bondia, pua imelala upande mmoja, na alikuwa akiwafundisha mabwana wa maofisini waliofuga vitambi. Mimi nafagia, macho yangu yako kwao. Wakiondoka, naiga. Siku moja akanikuta nyuma ya jengo na bidoni za maji, moja kila mkono, napanda ngazi na kushuka, nanguruma kama yeye. Nikajua kazi imekwisha. Akaniangalia mpaka nikashindwa kuendelea, kisha akasema: "We mama, tua iyo bidoni. Mugongo yako iko inapinda. Sasa beba tena, muzuri." Nikabeba tena, mgongo umenyooka. Kesho yake fagio alipewa mtu mwingine.

Kochi Bosco alikuwa na neno moja, alilirudia mpaka tukawa tunamwigiza akigeuka: "Mutu hachoke siporo. Anachoka ile ile." Kwa hiyo kwake hapakuwa na ile ile. Jumatatu anakusukumisha ukuta kama unataka kuhamisha nyumba. Jumatano bidoni. Ijumaa anawatoa nje, mnapanda barabara ya Kiriri mpaka pale ambapo ukigeuka unaona mji wote, ziwa, na milima ya Kongo ng'ambo. Mara ya kwanza kufika pale kwa miguu yangu nilisahau kupumua. Niliona upande wa Uvira yangu, niliyoikimbia nikiamini iko mwisho wa dunia. Nikamwambia, "Kumbe iko karibu hivi." Akajibu, "Muguu ndiyo inaletaka karibu." Nililia pale pale, na nikasingizia jasho.

Sasa sikilizeni jambo la kazi. Mtu akichoshwa na mazoezi hakuambii amechoka. Anaumwa. Kichwa kinachouma kila Jumanne saa ya mazoezi si kichwa, ni uchovu wa ile ile. Nilikuwa na mkubwa mmoja wa ofisi aliyefiwa na mashangazi katika msimu mmoja wa mvua mpaka nikaanza kuuogopa ukoo wake. Wote walikufa siku za mazoezi ya tumbo. Nilipomwondoa kwenye tumbo nikampa kamba ya kuruka, mashangazi wakaacha kufa. Kwa hiyo msigombane na kichwa wala na shangazi. Badilisheni zoezi, msiulize.

Na msiniambie hamna vifaa. Nyumba yenyewe ni ukumbi. Kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, kiko pale: twanga kwa mkono wa kulia mpaka wimbo uishe, hamia wa kushoto, na kesho yake mtaniambia mabega yenu yako wapi. Kiti kigumu, kaa na uinuke bila kushika kitu, polepole, hasa wakati wa kushuka, maana kila mtu anajidai wakati wa kupanda na kujiachia wakati wa kushuka. Kizingiti cha mlango ni ngazi. Shuka iliyolowa, ikamue. Mwili haujui kama chuma kimetoka Ulaya au maji yametoka bombani. Unajua uzito tu.

Na nje ndiko kuna uchawi. Ninyi mnadhani kukimbia kwa kundi Jumamosi asubuhi ni miguu na nyimbo. Mimi nimekimbia mbele ya makundi miaka mingi na bado sijaacha kushangaa. Mtu ambaye peke yake hawezi kumaliza mtaa mmoja, mtie katikati ya watu wanaoimba, atakufikisha mpaka ziwani na kurudi, halafu atakuuliza mbona mmemaliza mapema. Nguvu zilizobaki amezitoa wapi? Mungu anajua. Desturi yetu, na nasikia mnaiacha, ilikuwa tukikaribia nyumba yenye kilio tunanyamaza na kutembea. Unasikia viatu tu. Siku moja tumepita hivyo mbele ya nyumba ya msiba, mzee mwenye msiba akainuka kwenye kiti chake akatembea nasi kimya mpaka kona, kisha akarudi. Tulipoanza kukimbia tena hakuna aliyetoa amri, na wimbo ulirudi wenyewe, chini kwa chini. Msiiache desturi hiyo.

Siku hizi mna saa zinazohesabu hatua na telefone zinazotoa defi, za kuwashindanisha. Sizichukii. Mjukuu wangu alinifunga moja mkononi, ikanipongeza wakati nakoroga ugali. Lakini ninyi mmeuliza mtu afanye nini ili watu wasiache, na hilo saa hailijui. Hilo nilijifunza kwa Mama Rahma, na nilijifunza kwa kutosikia neno vizuri.

Mama Rahma ni wa zile familia za Kiarabu zilizotoka Omani zamani, wenye duka la vitambaa mjini tangu babu wa mume wake. Duka chini, nyumba juu. Alikuwa mjane. Mwili umemzidi, goti la kulia limevimba, na daktari alimwambia goti lisipotembezwa litafunga kabisa. Alikuwa ameshawafukuza walimu kadhaa. Mmoja alihesabu kama askari. Mwingine alileta muziki wa kumuumiza masikio. Binti yake Rahma, ndiye anayeendesha duka, akanitafuta kwa sababu alitaka mwanamke.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao, tasbihi mkononi. Akanitazama kutoka viatu mpaka kilemba.

"Wewe ndiye wa siporo? Mbona na wewe mnene?"

"Mama, mi nabebaka uzito yangu mwenyewe, sina haja ya kununua chuma."

Akatabasamu kwa upande mmoja. Nikajua sifukuzwi siku hiyo. Nikamuuliza lile swali alilonifundisha Kochi Bosco, maana alitukataza kumwanza mtu kwa kilo zake. Nikasema, "Mama Rahma, iyi muguu ikipona, unataka ikupeleke wapi?"

Akatazama chini. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chao kilichonyooka: "Nataka nifike sijda tena. Chini. Hata mara moja, kabla sijafa."

Waislamu mnaosoma hapa mmeshaelewa. Nisubirini, msicheke kwanza. Mimi ni mtoto wa kanisa kutoka Uvira. Masikioni mwangu Sijda ilikuwa kama Hadija, kama Saida, mabinti niliowajua Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi. Na "chini," ninyi mnajua mji wetu ulivyoinama: juu ni milimani, chini ni ziwani. Nikaelewa kwamba kuna mwanamke anaitwa Sijda, anakaa upande wa ziwa, dada yake au rafiki wa usichana, na goti limewatenganisha.

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?" nikauliza.

"Baada tu ya kumzika mzee."

"Na inakuuma?"

"Naikumbuka kila siku, mama. Mara tano kwa siku."

Alisema "naikumbuka," si "namkumbuka." Ningeshtuka hapo. Lakini Kiswahili chetu cha Bujumbura mnakijua, mtu na kiti tunawafunga kamba moja, nikadhani naye ameambukizwa. Nilichosikia mimi ni mara tano kwa siku. Nikajiambia, mapenzi gani haya.

"Na Rahma hawezi kukufikisha?"

"Rahma ndiye anayenikataza. Anasema nitaanguka."

Siku hiyo nikishuka ngazi nilimwangalia yule binti vibaya sana. Mtoto gani anamzuia mama yake asimwone ndugu yake? Lakini mambo ya familia za watu huyaulizi, na mimi nilikuwa mgeni katika nyumba ile. Baadaye nikamsikia Mama Rahma akisema kwamba Ruziba, kando ya ziwa, wana jamaa, na kwamba marehemu alikuwa akienda kule kuchukua ndagala, wale samaki wadogo. Basi, nikapata anuani. Sijda anakaa Ruziba.

Tukaanza. Kwanza korido ya nyumba, kwenda na kurudi, mkono mmoja ukutani. Kichwa kilipoanza kumuuma, tukaingia stoo, akawa ananyanyua majora ya vitambaa kutoka sakafuni mpaka mezani, kwanza ya hariri nyepesi, halafu ya jinzi. Alipoanza kuugua tumbo, nikafunga kitenge kwenye mlango, akawa anakivuta akiwa amekaa, kama anamvuta mbuzi mbishi. Alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa tulizunguka mtaa, yeye na buibui lake, mimi na raba zangu, walinzi wa maduka wanatuamkia. Ngazi za nyumba yake alikuwa anazichukia kuliko zote. Kila akisimama katikati, nilikuwa na neno moja tu:

"Panda, Mama Rahma. Sijda iko karibu."

Uso unabadilika. Anasema, "Inshallah," anapanda.

Nawaambieni, sijapata kuona neno linaloinua mguu kama lile. Muziki haukuweza, kuhesabu hakukuweza. Nilikuwa nalitamka tu, na mwanamke aliyekuwa anatafuta mahali pa kukaa anatafuta ngazi inayofuata. Nilishangaa kila mara, na sikujua hata nilichokuwa nakisema.

Kisha tukaanza kwenda Ruziba. Dereva wao anatushusha kwenye lami, tunatembea kwenye njia ya mchanga kuelekea ziwani, na mguu ukichoka tunageuka kurudi. Mchanga ni mwalimu mkali, unakunyima kila hatua nusu yake, lakini goti haliumii. Kule kulikuwa na wanawake wanaanika ndagala. Mama Rahma alipoyaona maji alikuwa mtu mwingine, anapumua kama aliyefunguliwa kamba kifuani. Kila safari tulifika mbele kidogo. Mimi njia nzima natazama nyumba, najiuliza ni ipi. Yeye haonyeshi yoyote. Nikasema moyoni, anaona aibu kufika akihema, anataka amfikie ndugu yake akiwa amesimama sawasawa. Nikamheshimu zaidi.

Siku ikafika. Tulitembea kutoka lami mpaka maji bila kusimama hata mara moja. Nilikuwa na furaha ya kupasuka. Nikamgeukia, nikamwambia:

"Mama Rahma, leo tumefika. Nyumba ya Sijda ni ipi?"

"Nyumba ya nani?"

"Ya Sijda. Dada yako."

Akanitazama. Akatazama nyumba za Ruziba. Akanitazama tena. Halafu kikaanza kicheko, kwanza tumboni, kikapanda mabegani, na mara magoti yakamwachia. Nikamdaka kwa mikono miwili, tukashuka pamoja taratibu mpaka mchangani, yeye anacheka machozi yanamtoka, mimi sijui kama nicheke au niombe msaada.

Akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, kisha akakibandika juu ya mchanga. "Sijda ni hii," akasema. "Paji la uso, chini. Katika swala. Wewe mwanamke, miezi yote hii umekuwa unanipeleka kwa nani?"

"Kumbe ni kusujudu!" nikasema. "Si ungesema kusujudu, Mama Rahma? Ile iko hata mu Biblia yetu."

Akacheka upya. Wanawake wa ndagala nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Halafu nikaona uso wake unabadilika. Kicheko kimekatika kama taa. Ameshtukia mahali alipo. Yuko chini.

Akanishika mkono kwa nguvu, akaniambia kwa sauti ndogo kile ambacho hakuwa amemwambia mwalimu yeyote. Kwamba siku chache baada ya kumzika mume wake aliswali peke yake chumbani, akashuka sijda, na hakuweza kuinuka. Alibaki pale, shavu kwenye zulia, akisikia chini yake wateja wanauliza bei ya vitambaa, akiona haya kuita. Rahma alimkuta baada ya kufunga duka. Tangu siku hiyo anaswali kwenye kiti, na kila takbira anaitoa kwa sauti, "Allahu akbar," ili binti yake popote alipo nyumbani asikie kwamba mama yuko salama. Mimi sauti hiyo nilikuwa nimeisikia mara nyingi nikimsubiri sebuleni, na siku zote ilitoka mahali pamoja, urefu wa kiti.

"Swala ya kwenye kiti inapokelewa," akasema. "Sheikh amenieleza vizuri. Mungu hana shida na kiti. Mimi ndiye nina shida. Kushuka nilishuka, Mama Siporo. Ni kuinuka."

Mmoja wa wale wanawake akaja mbio amkamate kwapani. Nikamzuia: "Ngoja, dada. Muache kwanza." Nikamwambia Mama Rahma ageuke upande, asukume mchanga kwa viganja viwili, apige magoti, ule mguu mzima, wa kushoto, autangulize mbele, unyayo wote chini. Ninyi mnaofundisha, kumbukeni hilo: kuinuka kunaanzia ubavuni, si mgongoni, na mguu mzima ndio unaotangulia. Akaliegemea bega langu nusura aling'oe. Akainuka. Buibui limejaa mchanga, na macho yake, sijui niseme nini. Nimewaona watu wakishinda mbio. Hawakuwa na macho yale.

Jioni Rahma alinisubiri chini ya ngazi. Mama yake alikuwa amemsimulia yote kwa kicheko, lakini Rahma hakucheka. "Mama Siporo, unataka kumurudisha chini? We hukuwa hapa siku ile. Mi ndiye nilimukuta. Akianguka, akivunjika, mi niko na nani mwingine?" Ndipo nikajua kwamba nilikuwa nimemwonea miezi yote ile. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa na hofu. Nikamwambia sitamshusha mama yake mahali ambapo yeye Rahma hataona ni salama. Nikamuuliza, "Mko na magodoro ngapi?"

Tukayapanga chumbani, moja juu ya jingine, mpaka yakakaribia urefu wa kiti. Mama Rahma anapiga magoti juu yake, anaweka viganja, anainuka. Ikizoeleka, tunaondoa moja. Rahma ndiye alikuwa anaondoa, hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Siku ambayo moyo wake haujakubali, godoro linabaki. Na katikati ya hapo, ili kichwa kisimuume, tulirudi Ruziba: alichuchumaa na wale wanawake kugeuza ndagala, akitukanwa kwa upendo kwamba anazigeuza kama vitambaa. Alifagia ua kwa fagio fupi. Alitwanga sombe ambayo nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuipika, wakapika, wakaipenda. Goti likiwaka moto tunaacha, tunafanya mikono. Kuna wiki tuliongeza godoro badala ya kupunguza, na hakuna aliyeona haya.

Mimi nilikuwa natazama tu. Mwanamke mzee, mguu uliokuwa kama gogo, na kila siku mwili wake unapata mahali pa kutoa kitu kingine kidogo. Kochi Bosco alishatangulia mbele ya haki wakati huo, na nilitamani awepo aone. Nimefundisha vijana wenye miguu kama ya swala wa porini na sikuwahi kuogopa nilichokiona. Kwa Mama Rahma niliogopa, kama mtu anavyoogopa anapoingia kanisani palipo kimya.

Mchana mmoja nilifika nikakuta hakuna godoro. Zulia tu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha. Mama Rahma ametia udhu, maji bado yanametameta mikononi. Akasema, "Leo sitaki kuangaliwa." Akaingia chumbani. Kisha mlango ukafunguka tena kidogo, na kile kiti cha mbao kikasukumwa nje kwa mguu. Mlango ukafungwa.

Tukakaa chini koridoni, mimi upande huu wa mlango, Rahma upande ule, kiti katikati yetu. Hakuna aliyekikalia.

"Allahu akbar." Hiyo ilitoka juu, ya mtu aliyesimama. Kimya kirefu. Ikatoka nyingine, akainama. Akanyooka. Rahma alikuwa ameshika pindo la kitenge changu kama mtoto.

Halafu ikaja ile. "Allahu akbar" ikaanzia juu na ikaendelea kushuka, ikipita pale palipokuwa na kiti, ikipita urefu wa kila godoro tulilowahi kuondoa, na silabi ya mwisho ikatokea sakafuni, imefunikwa na zulia.

Ndani hakukuwa na sauti hata ya nguo. Nikamwangalia Rahma, nikamuuliza kwa macho. Akaninong'oneza, "Anakaa kwanza. Iko ya pili. Kisha asimame." Sauti ikaja, akakaa. Ikashuka tena. Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza, na najua Rahma alikuwa wapi: alikuwa kwenye jioni ile, anafunga duka. Mkono wake ulishafika kwenye kitasa. Niliweka wangu juu yake. Sikuukaza. Niliuweka tu.

Mle ndani tukasikia viganja vikisukuma zulia. Tukasikia unyayo mmoja, wa mguu mzima, ukitua. Kisha "Allahu akbar" ikaanzia chini kabisa, ikatetemeka, ikapanda, ikapanda, mpaka ikafika mahali ambapo mdomo wa Mama Rahma unakuwa akisimama wima.

Rahma alikuwa analia bila sauti. Mimi, mtoto wa kanisa, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilitaka kuinuka nipige vigelegele mtaa mzima wa maduka usikie. Akanivuta kitenge.

"Kaa, Mama Siporo," akaninong'oneza. "Iyo ni rakaa moja. Ziko nne."

Nikakaa. Ndani, sauti ikaanza tena kushuka.